Mzaha Unataka Kanuni: Mashindano ya Nyimbo na Mashairi kwa Waigizaji wa Zama za Kati

*Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkusanyiko wa washairi na waimbaji. Inawekwa hapa yote kwa faida ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.*

Wazee wetu, mama zetu, malenga na manju, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma: hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya watu wazima wanaovaa kanzu za karne ya 12, wakakaa kuuzunguka moto, wakashindana kwa nyimbo za mzaha mpaka usiku wa manane. Msicheke kwanza. Au chekeni, kwa sababu na wao wanacheka.

Chanzo chake kinajulikana mpaka siku. Tarehe 1 Mei 1966, Berkeley, California, uani kwa mwanafunzi mmoja aitwaye Diana Paxson, marafiki walikusanyika wakiwa na mavazi ya kizamani, wakashindana kwa panga, na mwisho wakatoka barabarani kwa maandamano wakiimba "Greensleeves". Walisema wanaandamana kuipinga karne ya 20! Mnaona? Kabla hawajawa na katiba, walikuwa na wimbo. Leo chama hicho, Society for Creative Anachronism, kina falme 20 za kuigiza, kila moja na mfalme wake na malkia wake. Upo ufalme mmoja, Drachenwald, ambao kwa ramani yao umechukua Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika nzima. Kwa hiyo sisi sote hapa ni raia wa Drachenwald, ila hatukupewa taarifa.

Wanapigana kweli, lakini panga zao ni henzirani iliyozungushiwa utepe wa gundi. Vita vyao vikubwa, Pennsic, vimekuwapo tangu 1972, na sasa hupigwa karibu na mji mdogo wa Slippery Rock, Pennsylvania, na huvuta watu zaidi ya 10,000. Ngano yao inasema falme mbili ziligombea mji wa Pittsburgh, na sharti likawa kwamba atakayeshindwa ndiye atakayeuchukua. Sasa niambieni: watu wenye vita vya namna hiyo watakosa nyimbo za kejeli?

Na kabla hatujawaona wa ajabu, tukumbuke beni, ngoma yetu ya mashindano. Babu zetu wa Mombasa na Lamu, Tanga na Dar es Salaam, hawakuwa na wafalme wao wa ngoma, makapteni wao, magwanda yao na vyeo vyao? Vyama vya beni vya Marini na Arinoti havikushindana kwa ngoma na nyimbo, mtaa kwa mtaa? Basi tunazungumza juu ya jamaa zetu wa mbali.

Neno langu usiku huu ni moja, nami nitalirudia: mzaha unataka kanuni. Wimbo wa kuchekesha ukiwa na umbo legevu, haumchekeshi mtu. Wimbo wa huzuni unaweza kusamehewa mizani iliyopungua. Wimbo wa mzaha hausamehewi. Kwa nini? Kwa sababu kicheko kinategemea saa. Msikilizaji amekwisha kukisia kina kitakachokuja, nawe unampa kingine, au unampa kilekile kwa maana asiyoitarajia. Kama mizani imeyumba, hakuwa na la kukisia, na wewe huna cha kumgeuzia.

Watu wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1323 washairi saba wa mji ule walituma barua ya mwaliko, nayo iliandikwa kwa beti, kuwaita washairi wote wa lugha yao waje kushindana mwanzoni mwa Mei 1324. Zawadi ilikuwa ua la urujuani la dhahabu. Arnaut Vidal ndiye aliyelichukua, kwa wimbo wa kumsifu Bikira Maria. Lakini sikilizeni walichofanya baada ya hapo: waamuzi walikaa chini wakaandikisha kanuni za bahari na vina, kazi iliyochukua miaka mingi. Walikuwa wameona kwamba bila kanuni kila mshindwa ana hoja. Washairi wa hapa, mnawajua washindwa wenye hoja? Mnawajua.

Sasa tuingie jikoni. Jambo la kwanza ni utunzi. Aina inayopendwa zaidi na waigizaji wetu wakiuzunguka moto ni kuuvalisha wimbo wa zamani maneno mapya. Si wizi huo, ndio desturi yenyewe ya zama walizoziigiza. Katika miaka ya 1180 Bertran de Born, bwana mwenye ngome na ulimi mchafu, alimtungia wimbo wa kumdhihaki Henry Mdogo, mwana wa mfalme wa Uingereza. Na ndani ya wimbo wenyewe akataja kwamba sauti ameikopa kwenye wimbo wa Bibi Alamanda, ambao ni wa Giraut de Bornelh. Alikopa, akataja alikokopa. Hiyo ndiyo adabu mpaka leo kwenye moto wa waigizaji: kabla ya kuimba unasema sauti ni ya nani, na kama mwenye wimbo yu hai, unamwomba kwanza.

Vipi unavyotungwa? Anza na sauti isiyopanda wala kushuka zaidi ya noti nane, maana watakaokuitikia si waimbaji. Halafu tunga kibwagizo kabla ya kitu kingine chochote. Wengi hufanya kinyume: hutunga beti sita tamu, kisha wakachomeka kibwagizo kilichobaki mkononi. Hapo wimbo umekwisha kufa, kwa sababu kibwagizo ndicho watu watakachokiimba mara nne, na ubeti watausikia mara moja tu.

Nimetunga ubeti mmoja ili tuone kwa macho. Mwimbaji ni askari wa miguu, ametoka vitani, na karamu imechelewa. Kila karamu yao huchelewa. Jiko ni la kambi na mkaa umelowa.

*Nimepigwa uwanjani, sikulia kwa msiba,*
*Upanga wa henzirani, kichwani ulinizaba,*
*Kinachoniua ndani, ni njaa isiyo tiba:*
*Karamu itaja lini, moshi tumeshaushiba?*

Hesabuni. Mizani minane, kituo, minane. Vina vya kati ni "ni", vya mwisho "ba". Sasa angalieni mzaha umekaa wapi: katika neno la mwisho la mstari wa mwisho. "Moshi tumeshaushiba." Hebu tuubomoe. Tuseme "Tumeshaushiba moshi, karamu itaja lini?" Maana imebaki ileile, kicheko kimeondoka, kwa sababu neno "shiba" limetumiwa mapema na mstari unajikokota kwenda kwenye swali ambalo kila mtu alikuwa akiliuliza tayari. Neno linalochekesha liwe la mwisho. Likija la tatu kutoka mwisho, watu wataanza kucheka juu ya maneno yako mengine, na wa nyuma hawatasikia.

Jambo jingine ni mkazo. Wenzetu wanaotunga kwa Kiingereza wana tabu kubwa hapa: wanahesabu silabi, zinatimia, lakini noti ndefu inaangukia kwenye kineno kisicho na uzito, na wimbo unachechemea. Sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Ni neema. Lakini neema hiyo inapotea ukikopa sauti ya kizungu inayomalizia kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho kabisa. Utajikuta unaimba "moSHI", "njaA". Dawa? Ongeza noti moja fupi mwishoni ili neno litue vizuri, au tafuta sauti nyingine. Usilazimishe.

Beti zisizidi tano. Tatu zinatosha. Ubeti wa kwanza uweke jambo, wa pili ulikuze mpaka liwe la kipuuzi, wa tatu ulipindue. Ukiwa na wa nne, uwe na sababu.

Wapo wasiopenda nyimbo, wanapenda maumbo magumu. Hao nawapendekezea sestina, umbo alilolianzisha Arnaut Daniel katika karne ya 12. Beti sita za mistari sita sita. Hakuna vina, maneno sita yaleyale ndiyo yanayomalizia mistari ya kila ubeti, ila yanazunguka: la mwisho linakuwa la kwanza, la kwanza la pili, la tano la tatu, la pili la nne, la nne la tano, la tatu la sita. Unafuata mpango huohuo kila ubeti, halafu unafunga kwa mistari mitatu yenye maneno yote sita. Kosa la kila anayejaribu ni kuchagua maneno mazito yenye maana moja, "mapenzi", "mauti", "machozi". Kufika ubeti wa nne amechoka yeye na tumechoka sisi. Chagua maneno yenye nyuso mbili. Kaa: wa pwani, la moto, na kaa chini. Paa: la nyumba, wa porini, na paa angani. Mbuzi: wa kuchinja na wa kukunia nazi. Kwa Kiswahili sestina ya mzaha inajiandika nusu yenyewe, nami nashangaa hatujaifanya mchezo wa kila wiki.

Mzaha unataka kanuni. Tuendelee.

Jambo la pili: mchezo ni wa duara, si wa jukwaa. Katika kambi zao zamu inazunguka moto, na anayefikiwa na zamu ana njia tatu: aimbe mwenyewe, amchague mwingine aimbe, au apitishe. Hiyo ya tatu ndiyo inayolinda mchezo wote. Mtu akijua anaweza kupitisha bila aibu, atakaa. Akijua atalazimishwa, ataondoka kabla zamu haijamfikia, na duara litabaki na wajuaji watatu wanaoimbiana.

Lakini duara lina hesabu zake. Watu 40 kwa dakika 5 ni dakika 200, saa 3 na dakika 20. Hakuna kuni za kutosha wala kibofu cha kutosha. Wakizidi 15, gawa moto uwe miwili. Na mwenye moto awe na mamlaka ya kusema, "Ndugu, ubeti wa mwisho huo."

Makosa ya duara yanajirudia kila usiku, na yote yana dawa. Kubwa ni kuanza juu mno. Mwimbaji ana wasiwasi, koo limekaza, anaanza ubeti kwa sauti ya kupendeza, halafu kibwagizo kinapopanda hakuna wa kumfuata isipokuwa watoto. Dawa: kabla ya kufungua kinywa, vumisha kimoyomoyo noti ya juu kabisa ya kibwagizo. Ikikubana wewe peke yako, itawanyonga wenzako, shusha. La pili ni moshi. Kaa upande upepo unakotokea, na usiimbe ukiwa umeinamia moto. Joto hukausha koo kwa nyimbo mbili tu. La tatu ni ngoma za kambi jirani. Ukishindana nazo utapoteza. Chagua kisa cha kusimulia badala ya wimbo wa taratibu, au ngoja. La nne ni kufundisha kibwagizo kirefu. Mistari miwili ndiyo mwisho: iseme mara moja, iimbe mara moja, kisha wote. Ukiona umelazimika kueleza mzaha wenyewe kabla ya kuimba, wimbo huo ni wa watu wengine, si wa moto huu.

Nije kwenye jambo langu la tatu, ambalo najua ndilo lililowaleta wengine hapa. Matusi.

Mwaka 1192, jeshi la Vita vya Msalaba likiwa limekwama kwenye njia ya Jerusalem, Mfalme Richard wa Uingereza na Mtawala wa Burgundy hawakuwa na maelewano. Mtawala akatunga wimbo wa kumtukana Richard, na wimbo ukaenea kambini. Richard alifanya nini? Hakumwita kwenye baraza wala hakumpeleka mjumbe. Akatunga wa kujibu. Waandishi wa wakati ule wanasema hakuhitaji kujitaabisha kutafuta maneno, kwa kuwa mambo ya kusema juu ya yule bwana yalikuwa tele. Vita vilikuwa vimekwama, chakula kilikuwa taabu, na wakuu wawili wanajibizana kwa beti. Huku kwetu karne ya 19 ilipoanza, Mombasa na Lamu zikielekea vitani, Muyaka bin Haji na washairi wa Lamu hawakujibizana vivyo hivyo? Walijibizana, na beti zimebaki.

Waigizaji wamelirudisha pambano hilo la kutukanana kwa ushairi kama mchezo, na umestawi kwa sababu wameuwekea mipaka. Wapinzani wawili wanakubaliana mbele ya mnadi kabla ya kuanza. Hakuna kumshambulia asiyeingia mchezoni. Unaitukana nafsi ya kuigiza, si mtu: bwana mkubwa anayekimbia vita, upanga wake uliolegea, farasi asiyekuwapo. Mwili wa mtu, dini yake, kabila lake, mkewe, mtoto wake: hapana. Na kanuni ya kiufundi ni kwamba jibu lazima lishike kitu katika ubeti wa mpinzani, ama kina chake, ama neno lake la mwisho, ama picha yake. Asiyefanya hivyo amekuja na matusi aliyoyaandika nyumbani, na watazamaji wanamjua hapohapo. Beti tatu kwa tatu, kisha wanakumbatiana. Watatu wakitaka kuingia, wakatae. Wawili kwa mmoja si mchezo tena.

Jambo la nne nitalipitia upesi: kutunga papo hapo. Mashindano yao mengi ya kumpata malenga wa ufalme yana raundi ya mwisho ya namna hii, mada inatolewa na muda unahesabiwa. Masimulizi ya Iceland yanamtaja mshairi Egill Skallagrímsson, aliyeangukia mikononi mwa adui yake Mfalme Eirik huko York, akapewa usiku mmoja atunge utenzi wa kumsifu mfalme ama apoteze kichwa. Usiku mbayuwayu akamkalia dirishani akipiga kelele, hata mstari mmoja haukuja, mpaka rafiki yake Arinbjörn alipokwenda kukaa pale na kumlinda. Asubuhi beti zikawa 20. Ndani ya kisa hiki kuna agizo la kazi, na wengi hulipuuza: mpe mshindani mahali tulivu. Kumsimamisha mbele ya watu 100 wanaozungumza na kumwambia "tunga" ni kupima ujasiri, si ushairi. Dakika 20 pembeni, karatasi, na mtu mmoja wa kufukuza mbayuwayu.

Sasa nyinyi mnaotaka kuandaa. Mwaka 1176 Bwana Rhys wa Wales aliandaa mashindano katika ngome yake ya Cardigan. Yalitangazwa mwaka mzima kabla, Wales, Uingereza, Scotland na Ireland. Viti viwili vya ushindi: kimoja cha ushairi, kimoja cha muziki. Cha muziki kilikwenda kwa kijana wa nyumba yake Rhys mwenyewe, lakini cha ushairi kilikwenda kwa watu wa Gwynedd, ufalme mwingine. Nadhani hapo ndipo heshima yake iliposimama. Mwenyeji akichukua viti vyote viwili, mwaka unaofuata atashindana na ndugu zake.

Tangaza mapema, tenganisha zawadi, na hesabu muda. Washindani 12, dakika 5 kila mmoja na 2 za kubadilishana, ni dakika 84. Sita wanaobaki, tena kwa saba saba, ni 42. Wawili wa fainali na muda wao wa kutunga, nusu saa. Umefika karibu saa 2 na dakika 40, na huo ndio mwisho wa subira ya binadamu. Waamuzi wawe watatu. Wawili watagongana, watano watachelewa. Wapime mambo manne: umbo, uimbaji, maudhui, na kufaa kwa mahali. Hilo la nne ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo linalomwangusha aliyekuja na mbinu za jukwaa la redio.

Wenzetu hudai pia angalau kazi moja iwe ya zama zenyewe, kabla ya 1600, na mshindani aieleze kwa maneno machache: nini, wapi, lini, nani. Hapa panamtatiza yeyote anayetaka kuingia kama mfanyabiashara wa Kilwa wa karne ya 14. Kilwa ipo, Ibn Battuta aliifika mwaka 1331, vazi analo, lakini ushairi wa kuthibitisha anautoa wapi? Muswada wa Utendi wa Tambuka, miongoni mwa miswada yetu ya kale kabisa ya ushairi, una tarehe ya 1728. Asidanganye. Aseme wazi: hii ni kazi mpya kwa mtindo wa kale wa pwani. Waamuzi wengi wataikubali hivyo, na wakiikataa, anao mzunguko wa moto usiku, ambako hakuna anayeuliza tarehe.

Nimesema vya kutosha, na karatasi ziko mezani. Tutafanya walivyofanya katika ngome ya Blois, kati ya 1457 na 1460, nyumbani kwa Charles d'Orléans, mtawala aliyekaa mfungwa Uingereza miaka 25. Washairi wapatao kumi, François Villon miongoni mwao, walipewa mstari mmoja wa kuanzia, ule wa anayekufa kwa kiu kando ya chemchemi, na kila mmoja akatoka na shairi lake. Wetu usiku huu ni huu: "Nimelala njaa leo, jirani na mpishi mkuu." Nusu ya kwanza ni minane, ya pili nimeiacha kumi kwa makusudi. Kazi yenu ya kwanza ni kuirekebisha. Beti mbili, kibwagizo kimoja, dakika 20. Wanaopenda utulivu, baraza ya nyuma iko wazi, na Mzee wa mlangoni ameahidi kuwafukuza mbayuwayu.